Kazi zilizokufa Same bila matanga

Treni ya mizigo ilirudi kati ya Tanga na Moshi Julai 2019, na ya abiria ikafika Moshi kutoka Dar es Salaam Desemba mwaka huohuo. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini kila taarifa ya siku zile ilihesabu miaka ya kusubiri kwa kukadiria: abiria zaidi ya miaka 25, mizigo zaidi ya miaka 12. Tarehe kamili ya kufungwa ni ngumu kuipata, na siwalaumu waandishi. Njia ile haikufungwa siku moja. Treni ilichelewa, ikapunguza safari, ikaruka wiki, mwishowe ikaacha kuja. Stesheni ya Same ikabaki mahali pake, reli zikabaki ardhini, na watu waliokuwa wakila mshahara wa reli ile wakajikuta hawana kazi.

Mtu akifa Upareni, watu hukaa matanga. Ndugu hukusanyika, madeni ya marehemu hutajwa mbele za watu, mali yake hugawanywa na watoto wake hupangiwa pa kulelewa. Kazi iliyolisha tambarare yote kuanzia Hedaru hadi Kahe kwa vizazi vitatu au vinne ilikufa bila kupata hata hayo. Ninaandika kwa sababu naona vifo vingine vya namna hiyo vinakuja, na bado hatujajifunza kuvisimamia.

Reli ilianza Tanga mwaka 1893 mikononi mwa Wajerumani. Ilikwenda kwa kusuasua, fedha zikiisha na kupatikana tena, ikazunguka Milima ya Usambara, ikashuka kwenye tambarare kavu chini ya Milima ya Upare na kufika Moshi mwaka 1911. Waingereza waliifikisha Arusha mwaka 1929. Kwa upande wetu ilipita magharibi ya milima: Hedaru, Makanya, Same, Lembeni, ikiendelea hadi Kahe. Walio upande wa mashariki, kule Kisiwani, Gonja, Ndungu na Kihurio, hawakuiona. Ila mzigo wao wa kwenda mbali uliifuata. Same yenyewe ni mji wa njia. Iliuchota uhai wake kwenye boma la serikali, kwenye barabara na kwenye stesheni.

Ukitaka kuelewa ni kazi gani iliyopotea, usianzie kwa dereva wa treni wala stesheni masta. Anzia kwenye genge. Njia yote iligawanywa vipande, na kila kipande kilikuwa na genge lake la watu wachache, mnyapara wao, na nyumba zao za mawe zilizojengwa kando ya reli, mara nyingi mbali na kijiji chochote. Asubuhi mtu alitembea kipande chake chote na nyundo ndefu na spana. Alikaza nati zilizolegea, akagonga kabari zilizotoka, akaangalia taruma gani limezama. Pale ilipozama waliinua reli kwa jeki, wakasukuma kokoto chini ya mataruma kwa sululu mpaka pakashiba, wakapima kwa jicho na kwa kamba. Mkubwa wa njia alipita juu ya kiberenge kukagua, na mnyapara alijua kabla hajafika ni sehemu gani angesimama.

Kazi iliyokuwa nzito kuliko zote huku kwetu ilikuwa ya maji. Anayeifahamu Same anajua mvua inavyofanya: tambarare haipati kitu, lakini kule juu, Chome, Suji au Vudee, imenyesha usiku kucha. Maji hushuka kwenye makorongo yakiwa na mchanga na mawe, na reli inakaa hasa chini ya mteremko ule. Kabla ya vuli na kabla ya masika, genge lilizibua makalavati, likachimba mifereji, likakata nyasi ili dereva wa treni aone mbele. Kalavati moja likiziba, usiku mmoja unatosha kuzoa tuta na kuacha reli zikining'inia hewani kama ngazi ya kamba. Ndiyo maana nasema genge lilikuwa moyo wa njia. Watu wale walipopunguzwa, reli haikusubiri uamuzi wa ofisi yoyote. Ilianza kuliwa na maji mwaka uleule.

Mshahara wa genge ulikuwa mdogo. Hata hivyo ulikuwa na mambo ambayo kibarua wa shamba hakuyapata: nyumba, safari ya likizo kwa tiketi ya kazini, makato ya akiba ya uzeeni, na hakika kwamba mwezi ujao utakuja na fedha zake. Kwa familia ya Kipare yenye shamba dogo mlimani, mtoto mmoja aliyeajiriwa relini alikuwa ndiye ada ya shule ya wadogo zake. Kutoka kwake fedha zilipanda mlima kila mwezi. Chini, kwenye stesheni, zilizunguka kwa namna nyingine: wachukuzi, wauza ndizi na chai, wenye nyumba za kulala wageni, mafundi baiskeli, wanawake waliojua saa ya treni kuliko saa ya ukutani. Hao hawakuwa kwenye orodha ya mshahara ya mtu yeyote. Treni ilipoacha kuja, hakukuwa na ofisi ya kuwapa barua.

Sababu za kifo cha njia zinajulikana. Barabara ya lami kutoka Chalinze kupitia Segera hadi Moshi ilileta basi na lori, na abiria wa Same akaona anafika mapema. Vichwa vya treni vilizeeka bila vipuri. Kisha ukaja wakati wa masharti ya wakopeshaji. Mwaka 1986 serikali ilipoafikiana na Shirika la Fedha la Kimataifa, Waziri wa Fedha alikuwa mtoto wa Usangi, Cleopa Msuya, ambaye baadaye alishika uwaziri mkuu kwa mara ya pili. Mashirika ya umma yaliambiwa yapunguze watu, na Shirika la Reli likawa miongoni mwao. Mwaka 2007 reli ilikodishwa kwa kampuni ya RITES ya India, iliyochukua asilimia 51 ya TRL, kampuni ya kuiendesha reli hiyo, serikali ikabaki na 49. Ndoa hiyo haikudumu, na serikali ikairudisha reli mikononi mwake. Katika vurugu zote hizo njia ya Tanga ilikuwa mtoto asiyetajwa, kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye Reli ya Kati.

Deni lililochukua miaka 28

Kuna wazee wa reli ambao kisa chao kilianza kabla ya hapo. Hadi mwaka 1977 hawakuwa watumishi wa Tanzania peke yake bali wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na reli ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ilivunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa, na kichwa cha treni kilichokuwa upande wa pili siku hiyo kikabaki huko. Wafanyakazi walihamishiwa mashirika mapya ya kila nchi. Mafao yao ya utumishi wa Jumuiya yakabaki kuwa swali. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulisainiwa mwaka 1984, na kila serikali ikabeba jukumu la kuwalipa watu wake.

Tanzania iliwachelewesha. Mwaka 2003 wastaafu walikwenda Mahakama Kuu. Septemba 2005 wakafikia makubaliano na serikali, na Sh117 bilioni zikatajwa kwa ajili ya watu zaidi ya 31,000. Hata baada ya hapo palibaki malalamiko kuhusu hesabu, na kwa miaka kadhaa Dar es Salaam iliwashuhudia wazee wenye fimbo wakikesha nje na kulala barabarani. Kutoka 1977 hadi 2005 ni miaka 28. Aliyekuwa na miaka 40 Jumuiya ilipovunjika alikuwa na 68 siku ya makubaliano, kama alikuwa hai. Mjane aliyefuatilia stahili za mumewe alitakiwa aonyeshe karatasi za miaka ya sitini, karatasi zilizokuwa zimeliwa na mchwa kwenye sanduku la bati.

Naliona jambo hilo kuwa baya kuliko kupoteza kazi kwenyewe. Kazi huisha, dunia inabadilika na hakuna stesheni iliyoandikiwa kuishi milele. Ila mtu aliyefanya kazi hapaswi kumaliza uzee wake akithibitisha kwamba alifanya kazi.

Wapare hawakuwa wageni wa madai ya aina hiyo. Mwaka 1945 maelfu walishuka milimani hadi boma la Same kupinga kodi ya mbiru, waliyoona imekadiriwa bila haki, na wakakaa pale wakidai majibu. Walitaka waelezwe hesabu. Reli ilipokufa hakuna aliyeshuka mlima, nadhani kwa sababu moja: hapakuwa na mlango wa kugonga. Kodi ilikuwa na boma. Reli iliyofifia ilikuwa na shirika lililosema linategemea wizara, na wizara iliyosema inatafuta mwekezaji.

Mkonge nao

Reli haikufa peke yake. Mteja wake mkubwa, mkonge, alikuwa ameshaanguka. Mmea huo uliletwa nchini mwaka 1893, mwaka uleule reli ilipoanza, na Dk Richard Hindorf. Katika vikonyo 1,000 alivyoagiza kutoka Florida, ni 62 tu vilivyofika vikiwa hai. Kutoka hivyo 62 yalizaliwa mashamba ya Tanga, Morogoro na ukanda wetu: Kisangara, Makanya, Ndungu. Mwaka 1964 Tanzania ilitoa takriban tani 230,000 na kuongoza dunia. Kabla miaka ya tisini haijaisha ilikuwa inatoa kama tani 20,000. Katikati hapo ziliingia kamba za plastiki, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 bila fedha za kupanda upya, na mwishoni mwa miaka ya tisini yakauzwa kwa watu binafsi.

Mkonge una tabia inayofanya kifo chake kiwe kikali. Mkataji hukata jani, huondoa mwiba wa ncha na kufunga majani 30 kwa mzigo. Jani ni zito kwa maji. Singa, yaani nyuzi zilizo ndani yake, haizidi sehemu 4 kati ya 100. Likikaa siku mbili bila kukamuliwa, linaharibika. Kwa hiyo huwezi kulipeleka mbali: korona, mashine ya kukamua, lazima iwe katikati ya shamba, na korona moja hubeba wakataji, wapakiaji, waanika singa, wapiga brashi, mafundi na walinzi. Ikizimwa hiyo mashine moja, mamia ya watu wanakosa kazi kwa wiki moja, na jani lililobaki shambani halina mnunuzi mwingine. Shamba lililoachwa unalitambua kutoka barabarani. Mimea isiyokatwa huinua milingoti yake mirefu, hutoa maua na kufa yote pamoja.

Kati ya waliokosa kazi, nawafikiria zaidi wale wasiokuwa Wapare. Mashamba ya mkonge yaliendeshwa na manamba, watu walioandikishwa kutoka Songea, Kigoma, Mbeya, Msumbiji na Rwanda-Urundi, wakafanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Wengi walirudi kwao. Wengine walioa, wakazaa, wakazeeka kwenye kambi. Mpare aliyepunguzwa kazi chini alipanda mlima. Alikuta shamba limegawanywa mara tatu na migomba imebanana, ila alikuta kwao, na mfereji wa ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, wenye zamu yake ya maji. Mtoto wa manamba hakuwa na mlima. Nyumba aliyoishi ilikuwa ya shamba, ardhi chini yake ilikuwa ya shamba, na shamba lilipouzwa, mnunuzi mpya aliona wavamizi.

Wenzetu wanaozima vinu vya nyuklia wamekutana na shida ileile kwa kiwango kikubwa zaidi, maana kinu huajiri mji mzima wa mafundi wasiokuwa na kazi nyingine ya kufanya hapo. Tofauti ni kwamba mionzi haimruhusu mtu kuondoka kimyakimya. Lithuania, ili iingie Umoja wa Ulaya, ilikubali kufunga kituo cha Ignalina: kinu cha kwanza kilizimwa Desemba 31, 2004, cha pili Desemba 31, 2009. Mji wa Visaginas ulikuwa umejengwa kwa ajili ya kituo hicho tu. Umebaki na maumivu yake, vijana wameondoka. Hata hivyo, kubomoa kituo kwenyewe kumekuwa ajira ya watu wengi, kwa fedha za Ulaya, na kazi imepangwa kuendelea hadi 2038. Marekani, wenye kituo cha Vermont Yankee walitangaza Agosti 2013 kwamba watakizima mwishoni mwa 2014, na Desemba 29, 2014 wakakizima. Wafanyakazi walipata miezi 16 ya kujua. Hawakuipenda habari hiyo, lakini mwenye miezi 16 anaweza kuuza nyumba, kutafuta chuo, kumaliza mkopo.

Si lazima twende mbali. Tanzania yenyewe inajua kufanya hivyo ikitaka. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamtaka mwenye mgodi awe na mpango wa ufungaji na dhamana ya kurekebisha mazingira. Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, Kahama, ulipomaliza uzalishaji mwaka 2021, kufungwa kwake kulijadiliwa miaka kadhaa kabla, na eneo likapangiwa kuwa ukanda maalumu wa uchumi. Kahama wana malalamiko yao kuhusu kasi, na wana haki ya kuyatoa. Wana pia karatasi ya kuyatolea. Reli na mkonge wa Same havikuwahi kuwa na karatasi hiyo, kwa kuwa hakuna sheria inayosema shamba au shirika lazima lipange kifo chake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imejaribu kuziba sehemu ya pengo. Mwajiri anayepunguza watu anatakiwa kutoa taarifa, kueleza sababu na kushauriana. Na mwenye kustahili hulipwa kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, isiyozidi miaka 10. Fanya hesabu hiyo. Aliyegonga nati kwa miaka 25 analipwa mshahara wa siku 70. Na anayezungumziwa hapo ni yule mwenye mkataba tu. Kibarua wa msimu na mama wa chai hawamo.

Jambo la karibu zaidi na sisi ni mirungi. Kwenye baadhi ya kata za milimani, ikiwemo Tae, familia ziliishi kwa jani hilo kwa miaka mingi, kahawa ilipoacha kulipa. Ni dawa ya kulevya kwa mujibu wa sheria yetu, na siitetei. Mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya iliendesha operesheni iliyoteketeza mamia ya ekari wilayani Same. Kama kufunga kazi, hiyo ilikuwa na tarehe kweli. Ilichokosa ni siku ya pili yake. Kung'oa mti ni asubuhi moja. Mbadala ni miaka. Tangawizi ya Mamba Miamba imeonyesha kwamba mlima unaweza kulipa kwa zao halali, lakini nayo imepita kwenye bei za kupanda na kushuka, kiwanda na ushirika unaohitaji mtaji. Aliyeteketezewa shamba anahitaji miche, bwana shamba na barabara inayopitika masika, vyote vikimfikia msimu uleule moto ulipopita.

Sasa kuna mpango wa reli ya kisasa kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma. Siku ikijengwa, ile ya geji ya mita itakuwa na miaka zaidi ya mia. Reli mpya haihitaji genge la nyundo kila kilomita chache, wala stesheni masta mwenye bendera katika kila kijiji. Baadhi ya kazi zilizorudi mwaka 2019 zitaondoka tena, na nyingi zimeshikwa na vijana ambao babu zao waliziacha bila barua.

Safari hii muda upo, na kinachotakiwa hakigharimu mabilioni. Shirika la Reli na Halmashauri ya Same wakae sasa, kabla ya mkandarasi kufika, waandike nani anafanya kazi gani kati ya Buiko na Kahe, nani atafundishwa kazi ya reli mpya, nyumba za magenge zitakuwa za nani, chuma cha zamani kitauzwa na nani na fedha zake ziende wapi, ardhi ya kandokando apewe nani. Orodha hiyo ianze na vibarua wa msimu, wanaoitwa kuzibua makalavati vuli ikikaribia na kulipwa kwa siku, maana hao ndio ambao jina lao halimo kwenye daftari lolote, na mahakamani, miaka 28 baadaye, hawatakuwa na sanduku la bati la kufungua.